Sura ya Tano: Laurence Wawili

Picha iliyobanwa kwenye faili haikuwa ya msichana aliyekuja kulalamika polisi siku ya Jumatatu.

Inspekta Kahindo aliitazama mara moja, akaisukuma faili ili Muzee Ntirenganya, karani wake, naye aone. Ntirenganya alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Huyu si ule wetu," alisema.

"Wetu ana kovu hapa." Kahindo aligusa paji lake la uso.

"Kovu inaweza kuya nyuma ya picha."

"Picha ni ya samedi, Muzee, Jumamosi hii. Soma tarehe."

Ng'ambo ya meza alikaa Adalbert, katibu wa Mfuko wa Alizeti, mtu mnene mwenye tai fupi. Mfuko huo ulikuwa umetangaza nafasi kumi za ufadhili, bourse, za kusomea udaktari kwa vijana waliokimbizwa na vita: ada, chumba, chakula na vitabu, miaka yote mpaka mwisho. Shule za mji ndizo zilizopeleka majina ya wakimbizi wao waliofaulu vizuri mtihani wa Taifa. Jina la tatu kwenye orodha lilikuwa Nizeyimana Laurence, asilimia themanini na moja.

"Mimi nilifanya kazi yangu, Mama Inspekta," Adalbert alisema. "Tulibandika majina ku ukuta vendredi, Ijumaa. Samedi asubui mutoto anafika, Nizeyimana Laurence, ana carte ya kura, ana karatasi ya kusema alipoteza zingine mu vita. Anasaini. Lundi mutoto mwingine anafika, anasema yeye njo Nizeyimana Laurence. Nifanye je? Nipasue bourse katikati?"

"Huyu wa pili alikuonyesha nini?"

"Attestation ya examen, cheti cha mtihani. Original, na cachet. Lakini carte hana. Mutu bila carte ni nani?"

"Na huyu wa kwanza, attestation anayo?"

"Hana. Anasema ilipotea."

"Kwa hiyo mmoja ana jina, mwingine ana alama."

"Njo vile."

"Orodha inakwenda kwa wafadhili lini?"

"Vendredi, midi. Saa sita kamili."

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Kahindo aliomba nakala ya kila karatasi iliyokuwa ndani ya faili, akangoja mpaka mashine ilipomaliza, akahesabu kurasa, akatoka bila kunywa chai aliyowekewa.

"Carte za uongo zimejaa mu huu muji," Ntirenganya alisema akiwasha pikipiki. "Tufunge ule wa picha, tumalize. Mgongo inaniuma."

"Tuanze na wetu. Twende Mugunga."

*

Mahema ya Mugunga yalikuwa yamesimikwa juu ya mawe meusi ya volkano, karibu karibu hivi kwamba pikipiki ilibidi iachwe barabarani. Mlalamikaji aliwapokea mbele ya hema la maturubai mawili yaliyoshonwa pamoja. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka kumi na minane au kumi na tisa. Aliwageuzia ndoo mbili wakae, yeye akabaki amesimama.

"Jina lako lote," Kahindo alianza.

"Nizeyimana Laurence."

"Ulizaliwa wapi?"

"Rutshuru."

"Rutshuru kubwa. Wapi?"

"Kiwanja."

"Ulibatizwa parokia gani?"

Msichana alitazama viatu vyake. Kutoka ndani ya hema, sauti ya mama mtu mzima iliita: "Béata! Ile maji inachemka, unangoja nini?"

Ntirenganya aliacha kuandika, akaikuna shingo kwa kalamu.

"Béata ni nani?" Kahindo aliuliza.

"Ni jina ya nyumbani."

"Wa Kiwanja mbona mama yako anasema Kiswahili cha Masisi?"

"Mama ni wa Kitshanga, kule Masisi. Aliolewa Kiwanja."

"Nionyeshe attestation."

Msichana aliingia, akatoka na bahasha ya plastiki iliyofungwa kwa uzi wa gunia. Karatasi ilikuwa safi. Muhuri ulikuwa wa kweli. Kahindo aliinua karatasi kwenye mwanga, akairudisha. Kisha akampa karatasi tupu na kalamu.

"Andika jina na saini yako. Mara tano."

Aliandika haraka, bila kuinua mkono, na saini zote tano zilifanana kama zimepigwa chapa. N kubwa, mstari unaokatiza, nukta mbili chini.

"Ulifanya mtihani wapi?"

"Mu centre ya Ndosho, ku shule. Siku nne." Sasa alikuwa akimtazama Kahindo machoni. "Mama Inspekta, siku résultats zilitoka, mama alinimwangia unga. Unga ya ration, yote. Uliza hapa pote. Kisha tulikula majani siku tatu, na hakuna mutu alilia."

"Ni kweli!" jirani alidakia kutoka hema la pili, akicheka. "Alikuwa mweupe sawa muzungu! Hata mbuzi ilimukimbia."

Kila mtoto wa nchi anayefaulu mtihani ule hupakwa unga kichwani na ndugu zake, apite nao barabarani watu wamwone. Lakini kumwaga posho yote iliyobaki kambini ni jambo jingine. Kahindo alimwambia Ntirenganya aandike jina la jirani.

"Usipopata hii bourse utafanya nini?" alimuuliza msichana wakati wa kuondoka.

"Iko kazi ya kuvunja mawe, ku barabara ya Sake. Dada yangu anavunja."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa.

*

Munigi, upande wa kaskazini wa mji, msichana wa pichani alikaa na mama yake katika chumba kimoja cha mbao. Walikuwa wametandika kitanda na kufagia, kama watu waliokuwa wakingoja polisi kwa siku kadhaa. Mama mtu, Mama Perpétue, alikuwa na kitambaa cheusi cha msiba kichwani.

Ntirenganya alichukua kadi ya mpiga kura, akaipinda, akaikwaruza kwa ukucha, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Ni ya kweli," alisema, na hakuficha kwamba alikuwa amevunjika moyo.

"Una kingine?" Kahindo alimuuliza msichana.

Laurence alitoa kadi ya shule. Picha ilikuwa yake, mdogo zaidi, nywele fupi. Shule ilikuwa ile ile ya Ndosho. Tarehe ilikuwa ya mwaka mmoja kabla vita havijafika Rutshuru. Nyuma palikuwa na anwani: kwa shangazi yake, katikati ya mji.

"Kwa hiyo ulisoma hapa Goma kabla ya vita. Hukukimbia."

"Nilikuwa ku shangazi. Mwezi wa pili baba alikufa Rutshuru. Nilienda kumuzika. Barabara ikafungwa nyuma yangu. Tulitokea Bunagana, tukabakia Uganda miezi mingi."

"Miezi mingi ni mingapi?"

Mama Perpétue aliingilia. "Inspekta, mutoto ameonyesha carte. Jina lake liko ku ukuta, kila mutu ameliona. Nilimumwangia unga hapa hapa ku mulango. Mungu ametusaidia mara moja tangu tuzike bwana yangu, na weye unakuya na maswali?"

"Maswali ni kazi yangu, Mama. Laurence, ulifanya mtihani?"

"Jina langu lilitoka."

"Sikuuliza jina."

"Niliandikwa ku mtihani tangu mwezi wa kwanza. Jina langu lilikuwa ku liste ya shule. Nilisoma miaka mbili mu ile shule."

"Zile siku nne za mtihani, ulikuwa wapi?"

Msichana alimtazama mama yake. Mama alitazama ukutani.

"Jina langu lilitoka," Laurence alirudia, sauti ikiwa chini zaidi.

Naye aliandika jina na saini mara tano. Maandishi yalikuwa ya duara, ya polepole, na saini ilikuwa ni jina lenyewe tu lililoandikwa bila kukatizwa.

Nje, Ntirenganya alipiga teke gurudumu la pikipiki ili kuangalia upepo.

"Huyu ni Laurence wa kweli," alisema. "Basi ule wa Mugunga ni mwizi. Aliokota attestation mahali."

"Mwizi aliyemwagiwa unga siku ya matokeo, kabla Mfuko haujatangaza kitu?"

"Eh."

"Na kuna lingine. Huyu aliandikishwa shuleni kama mtoto wa mjini, anakaa kwa shangazi. Mfuko ulitaka wakimbizi tu, na majina yalitoka kwa wakuu wa shule. Nani aliwaambia kwamba Nizeyimana Laurence ni mkimbizi?"

Ntirenganya aliacha gurudumu.

"Préfet. Mukubwa wa shule," alisema.

"Kesho tunaanza na karatasi za mahudhurio. Kisha yeye."

*

Mtahiniwa husaini kila siku anapoingia chumba cha mtihani, na nakala ya orodha hubaki kwenye shule iliyokuwa kituo. Alhamisi asubuhi mlinzi wa stoo aliwafungulia kabati la chuma, akawaachia vumbi na funguo. Iliwachukua saa mbili. Orodha zilikuwa nne, siku kwa siku, chumba namba sita, na kwenye kila moja, mbele ya jina la Nizeyimana Laurence, palikuwa na N kubwa, mstari unaokatiza, nukta mbili chini.

Kahindo aliweka karatasi ya Mugunga kando yake. Hakuhitaji lenzi.

"Kwa hiyo mwenye jina hakufanya," Ntirenganya alisema taratibu, "na mwenye kufanya hana jina."

"Angalia saini za wengine wa shule hiyo. Linganisha na fomu walizosaini mwezi wa kwanza, wakati wa kuandikishwa."

Aliangalia. Alipomaliza alikuwa amechora alama ya kalamu mbele ya majina sita.

"Sita," alisema. "Mama Inspekta, sipendi hii kazi leo."

Zéphirin, mkuu wa shule ya Ndosho, aliwakuta wameshakaa ofisini mwake. Alikuwa mtu mrefu mwenye mvi, na suti yake ilikuwa imeshonwa viwiko kwa mkono. Kahindo aliweka mezani orodha nne na fomu, akaweka kidole kwenye alama ya kwanza. Zéphirin aliangalia alama zote sita, akafunga mlango, akakaa.

"Nani amelalamika?"

"Laurence."

"Yupi?"

"Sasa umenijibu, Papa Préfet."

Alicheka kidogo, bila furaha. "Haya. Andika, Muzee, usikimbie, nitasema polepole. Liste ya mtihani inafungwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili Kitshanga inaanguka, batoto wanajaa Mugunga. Wamesoma miaka sita, wamebakiza miezi michache. Tangazo linafika kwamba wakimbizi wanaweza kuandikwa, lakini walete bulletins, karatasi za alama za shule, za miaka miwili. Nani alikimbia risasi na bulletins? Shule yao ililala askari. Madawati walipikia."

"Endelea."

"Mimi nina batoto sita waliondoka. Wawili walikufa, najua makaburi. Wanne hakuna habari. Majina yao iko ku liste, viti vimelipiwa, na hakuna mutu. Ku ile upande ingine kuko batoto, na hakuna majina. Nilifanya nini? Nilikalisha batoto mu viti."

"Walikupa nini?"

"Mmoja aliniletea maharage. Nilimurudishia, mama yake alikuwa na mimba."

"Laurence ulimweka kati ya waliokufa au wasio na habari?"

"Bila habari. Shangazi yake alisema hatarudi." Aliweka mikono juu ya meza, viganja chini. "Na ule Béata, Mama Inspekta, nimefundisha chimie, ile kemia, miaka ishirini na saba. Mwanafunzi sawa ule nimepata wawili."

"Ulitegemea aitwe Laurence mpaka lini?"

"Mpaka kufa. Kama ni kuitwa Laurence na kutibu watu, kuko ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba Laurence amerudi."

Zéphirin aliuliza tu kama angekamatwa leo au kesho, kwa sababu darasa la saa nane halikuwa na mwalimu mwingine.

"Kafundishe," Kahindo alisema.

*

Ijumaa saa mbili na nusu wasichana wote wawili walikuwa wameketi kwenye benchi la ofisi ya Kahindo, kila mmoja kwenye ncha yake. Mizinga ilikuwa inasikika kutoka upande wa Sake, na hakuna aliyegeuka. Mama Perpétue alitaka kuingia. Kahindo alimwambia angoje nje.

"Nitasema vile mambo iko, na sitarudilia," alianza. "Béata, umekaa ku mtihani kwa jina la Laurence. Laurence, umesaini bourse kwa alama za Béata. Nyote wawili munajua. Tusipotezeane wakati."

Béata alifumba macho. Laurence alianza kulia bila sauti.

"Nikiandika kile nimeona, matokeo inafutwa. Themanini na moja inakufa. Hakuna anayeichukua, weye wala yeye. Préfet anaenda gereza. Kisha watauliza kama ni Béata peke yake alifanyiwa vile, nami nitasema hapana, wako sita, na wale batano nao diplome zao zinafutwa. Nisipoandika, jina ni la Laurence, carte ni ya Laurence, bourse inaenda kwa Laurence."

"Na mi?" Béata aliuliza.

"Weye unabakia."

"Mugunga?"

"Mugunga."

"Nitafanya mtihani tena. Mwaka kesho. Kwa jina langu."

"Watakuomba bulletins za Kitshanga," Ntirenganya alisema, akiwa bado ameinamia karatasi yake. Haikuwa kazi yake kusema, lakini hakuweza kujizuia. "Na Kitshanga hakuna mutu anaenda."

Béata alimgeukia Laurence kwa mara ya kwanza.

"Niachie jina. Ni jina tu. Weye chukua langu."

"Langu lina diplome," Laurence alisema. "Lako lina nini?"

"Halina kitu."

"Basi unanipatia nini?" Alijipangusa kwa mkono wa blauzi. "Si kwamba nakuchukia. Baba nilimuzika haraka haraka, watu walikuwa wanatuambia tukimbie. Shamba iko kwa waasi. Masomo nilikata. Narudi, nakuta jina langu ku ukuta. Ni kitu kimoja tu vita ilinirudishia. Nikupatie hiyo pia?"

"Nilifanya kazi, Laurence."

"Najua."

"Nilisomea ku mwanga ya simu ya jirani."

"Najua, dada. Nimesema najua."

Kahindo aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na robo.

"Wale batano," Béata alimuuliza, "unawajua?"

"Nawajua."

"Mmoja anafundisha batoto ku kambi yetu. Anafundisha mdogo wangu kusoma." Alikuwa akikwangua ukucha wa kidole gumba kwa ukucha mwingine. "Ondoeni ile malalamiko."

"Umefikiri?"

"Mama Inspekta, munanipatia nini ya kufikiri?"

Ntirenganya alichukua karatasi mpya, akaandika tarehe, akakomea hapo.

"Niandike nani anaondoa? Kulalamika alilalamika Nizeyimana Laurence."

"Andika Nizeyimana Laurence."

"Wote wako hapa."

"Andika, Muzee."

Aliandika. Béata alisogea mezani, akasaini: N kubwa, mstari, nukta mbili. Laurence alitazama saini ile ya jina lake kama mtu anayetazama nguo yake mwilini mwa mwingine. Kahindo alikunja barua, akaitia mkobani.

"Ngojeni hapa. Naipeleka mwenyewe, nitarudi na karatasi ya Mfuko kwamba mambo yameisha. Kisha kila mutu aende kwake."

Alipofika mlangoni alimsikia Laurence akisema, "Ku université bataniuliza. Juu ya examen. Nitajibu nini?" Hakungoja kusikia jibu.

*

Adalbert aliisoma barua mara mbili, akairudisha mezani kwa uangalifu, kama kitu chenye maji.

"Ni vizuri wameelewana," alisema. "Lakini hii haina kazi tena."

"Ni saa nne na nusu. Orodha inakwenda saa sita."

"Inakwenda saa sita, ndiyo. Lakini hilo jina halimo."

Kahindo alibaki amesimama. "Limetoka lini?"

"Mercredi. Mulipotoka hapa, mkubwa wangu aliniita. Akauliza polisi walifanya nini huku. Nikamuambia. Akasema wafadhili hawapendi jina lenye enquête ya polisi. Toa, weka wa kumi na moja."

"Uliniambia Ijumaa saa sita."

"Uliniuliza liste inaenda lini, nikakujibu. Haukuniuliza kama jina litangoja."

"Malalamiko yameondolewa. Hakuna kesi. Ninaandika sasa hivi, kwa mkono wangu, na muhuri."

"Mama Inspekta." Adalbert alishusha sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alionekana kuona haya. "Wa kumi na moja amekwisha kusaini jana. Mama yake alipiga magoti hapa, pale unasimama. Nimuite nimuambie nini?"

"Ni nani?"

"Kijana wa Sake."

"Ana carte?"

"Anayo."

"Ya kwake?"

Adalbert aliifunga faili yake.

"Na ule pia unataka kumuandikia barua?"

Kahindo alichukua karatasi yake na kuondoka. Barabarani foleni ya malori ya jeshi ilikuwa imefunga njia panda, yakielekea magharibi, na watu wenye magodoro kichwani walikuwa wakipita kando ya malori wakielekea upande mwingine. Aliteremka kwenye pikipiki ya kukodi, akamalizia kwa miguu. Kwa ukali wa mwendo wake watu walimpisha.

Ofisini, Ntirenganya alikuwa ameketi mlangoni na kofia magotini. Alimwona usoni, akasimama, akakaa tena.

Ndani, wasichana hawakuwa tena kwenye ncha za benchi. Walikuwa wamekaa katikati, magoti yakigusana, na Laurence alikuwa na daftari la mazoezi mapajani. Béata alikuwa akizungumza kwa sauti ya mwalimu, akionyesha kwa kidole hewani.

"…salle ya sita, banc ya pili ku dirisha. Siku ya kwanza surveillant, msimamizi, alikuwa mama mwenye kikohozi, andika hiyo, mutu aliyefika tu njo anakumbuka. Siku ya sciences mvua ilipiga mabati, tulingoja, wakatuongeza dakika kumi. Mbele yako alikaa kijana mmoja mwenye saa kubwa…"

"Dissertation, ile insha?" Laurence aliuliza.

"Ngoja, nakuya hapo." Béata alimwona Kahindo. "Mama Inspekta, tumebakiza kidogo. Wakimuuliza, asianguke. Siku nne zangu zisipotee bure."

Kahindo hakuwa na desturi ya kuzungusha habari, wala hakujua namna ya kufanya hivyo.

"Jina lilifutwa mercredi," alisema. "Kwenda kwangu kule njo kulilifuta. Nafasi imekwenda kwa mwingine, amesaini. Haitarudi."

Nje Mama Perpétue aliuliza kitu kwa Kinyarwanda, na Ntirenganya akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, neno moja.

Laurence hakuinua kichwa. Kalamu yake iliendelea, herufi za duara, za polepole, mpaka mwisho wa mstari, ikaanza mwingine.

"…mwenye saa kubwa," Béata alisema, "na kila akigeuka kuangalia karatasi yangu, niliifunika kwa mkono." Aliyasema maneno hayo moja moja, kwa sababu mwenzake alikuwa bado anaandika.